Muhula Usioandikwa



Sheria ya Uraia ya Tanzania, iliyotungwa mwaka 1995, ni sheria yenye hesabu nyingi, na mtu akiisoma kwa utulivu, wakati upepo wetu huu wa Dodoma umekwisha kutua na vumbi limerudi chini, ataona kwamba takriban hesabu zote zilizomo zinamhusu yule anayeomba, wala hazimhusu anayeombwa. Mgeni atakaye kuwa raia sharti awe amekaa nchini miezi 12 mfululizo kabla ya kupeleka ombi lake, na katika miaka 10 iliyoitangulia miezi hiyo awe amekaa miaka isiyopungua 7 kwa jumla. Sharti ajue Kiswahili au Kiingereza kwa kadiri ya kutosha. Awe na mwenendo mwema. Awe amelifaa taifa, na aonekane kuwa ataendelea kulifaa. Tena awe na nia ya kufanya makao yake hapa iwapo ombi lake litakubaliwa. Yote hayo ni ya haki, na mimi si katika wale wanaodhani kwamba mlango ni dhuluma kwa kuwa una kitasa. Walakini baada ya kumpimia mwombaji miaka, miezi, lugha na tabia, sheria hunyamaza pahali pamoja tu: haikutaja muhula wa kumjibu. Fauka ya hayo imeeleza bayana kwamba Waziri halazimiki kutoa sababu ya uamuzi wake, na kwamba uamuzi huo haukatiwi rufaa wala haupitiwi upya na mahakama yoyote. Basi mtu aliyehesabiwa kila kitu chake huingia katika kipindi kisicho na hesabu, na ni kipindi hicho ninachotaka kukizungumza jioni ya leo.

Njia ya ombi lenyewe ni ndefu, na haifai kuipuuza. Mwombaji hutangaza nia yake katika gazeti linalochapishwa nchini, akimwalika kila mwenye pingamizi ajitokeze aliandike kwa wenye mamlaka, huleta wadhamini, picha, vyeti na stakabadhi, huitwa akahojiwa, kisha jambo lake huzungumzwa katika kata anakoishi, likapanda kwa kamati ya ulinzi na usalama ya wilaya, likapanda tena kwa kamati ya mkoa, ndipo lifike makao makuu ya Uhamiaji, na mwisho wa safari ni mezani kwa Waziri wa Mambo ya Ndani ya Nchi. Katika kila kituo kuna watu wenye kazi nyingine, na katika kila kituo faili hupumzika. Zamani mtu wa Kigoma au wa Tabora aliyekwenda kuulizia habari zake aliambiwa kwamba faili limekwenda Dar es Salaam, akarudi kwake ameridhika nusu, kwa kuwa Dar es Salaam ni mbali na mambo ya mbali huchelewa. Siku hizi huambiwa kwamba faili liko Dodoma. Je, sisi tuliomo humu humu Dodoma tuambiweje? Mtu hupanda daladala mjini, akashuka Mtumba kwenye Mji wa Serikali, akayaona kwa macho yake mapaa ya wizara zote yamejipanga, asiweze kusema kwamba haki yake iko ng'ambo ya bahari. Na ukaribu huo, nilivyoona mimi, haumpunguzii mtu uzito wa kungoja, bali humwongezea.

Pengine mji huu ungepaswa kuwaelewa wangojao kuliko mji mwingine wowote. Mwaka 1973 chama cha TANU kiliamua kwamba Dodoma iwe makao makuu ya nchi, na watu wa hapa wakaanza kuambiwa kwamba Serikali inakuja. Wakapimiwa viwanja, wakaonyeshwa ramani, wakazeeka. Hadi mwaka 2016 ndipo Rais Magufuli aliposema kwamba sasa wanahama kwelikweli, na mwaka 2018 ndipo hadhi hiyo ilipotiwa katika sheria. Miaka 43 kati ya neno na kitendo! Lakini mji unaweza kungoja kwa kuwa mji haufi. Mtu hungoja kwa umri wake.

Namjua fundi mmoja wa kushona nguo, jina lake nalihifadhi, mwenye cherehani yake barazani pa duka karibu na soko la Majengo. Kwao ni Buyenzi, mtaa wa mji wa Bujumbura ambao Kiswahili ndiyo lugha ya nyumbani, urithi wa zama za misafara ya biashara ya Ziwa Tanganyika, na ndiyo maana wateja wake wengi hawajui kwamba ni mgeni. Humdhania kuwa mtu wa Kigoma au wa Ujiji, naye huwaacha wadhani. Kila Januari hushona sare za shule hadi usiku wa manane, na kabla ya Idi hushona kanzu. Ana kibali cha ukaazi, hulipa kodi, na amemwoa binti wa Kigogo, mwenyeji wa Hombolo, ambaye amemzalia watoto. Ombi lake la uraia amelipeleka, na lile tangazo la gazetini amelikata kwa mkasi wake wa kazi, akalitia ndani ya karatasi ya nailoni pamoja na risiti zote, na bahasha hiyo ya kaki hukaa katika mtoto wa meza ya cherehani, chini ya vifungo na vibobini. Karatasi ya gazeti, kama mjuavyo, haikuumbwa kudumu. Ile yake imekwisha kuwa ya manjano, na jina lake limepita kwenye kunjo, herufi mbili zimefutika.

Sasa sikilizeni jambo lililonifanya nimfikirie sana. Wakwe zake wa Hombolo walimpa mkewe kipande cha shamba, na watu wa huko, kama watu wote wa pande hizo, wakamshauri apande zabibu, ile nyekundu ya Makutupora, kwa maana bei yake ni ya kueleweka kuliko mtama na uwele, na nchi yetu hii kavu imejaliwa kuvuna zabibu mara mbili kwa mwaka. Mzabibu, hata hivyo, haupandwi na mtu mwenye wasiwasi. Lazima ununue nguzo na nyaya, ulete samadi, uchimbe mifereji, kisha usubiri mwaka wa kwanza bila kitu na wa pili kwa vichala vichache, ndipo mti ushike, na ukishika vizuri utakulisha kwa miongo. Nilimwuliza fundi mbona shamba ni tupu ilhali jirani zake wamekwisha kufunga nyaya. Akanijibu bila kuinua macho kwenye mshono: "Mzee wangu, cherehani hii nikiambiwa ondoka naibeba kichwani. Mzabibu nitaubeba vipi?" Nikasema kwamba hakuna aliyemwambia aondoke. Akasema, "Wala hakuna aliyeniambia nikae."

Jawabu hilo lina sheria ndani yake, ingawa yeye hakulisema kwa sheria. Kwa Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, kwa kawaida asiye raia hagawiwi ardhi ila kwa ajili ya uwekezaji unaotambuliwa, na fundi wa kanzu barazani si mwekezaji wa namna hiyo. Kwa hiyo shamba ni la mkewe, na litakuwa la wanawe, na yeye aliyetaka kulitolea jasho angekuwa humo mgeni wa jamaa zake mwenyewe. Ningependa kuongeza jambo ambalo huwashangaza wengi wanaolisikia mara ya kwanza: mwanamke mgeni aliyeolewa na Mtanzania sheria imemwekea njia yake ya kuupata uraia kwa sababu ya ndoa, lakini mwanamume mgeni aliyemwoa Mtanzania hakuwekewa njia hiyo, naye hana budi kusimama katika safu moja na mtu aliyeshuka juzi, akihesabiwa miaka yake 7 na miezi yake 12, kana kwamba binti wa Hombolo hana uwezo wa kumtia mtu nyumbani kwao. Kwa maoni yangu huko ni kumpunja zaidi binti wa Hombolo kuliko kumpunja fundi. Siku ya uchaguzi mama huchukua kadi yake ya mpiga kura akaenda, na watoto wakifikia umri wataenda, na baba atabaki akipiga pasi.

Huyo ni mtu mmoja, na huenda msikilizaji akasema kwamba taifa haliwezi kuendeshwa kwa kumtazama fundi mmoja wa Majengo. Basi tuwatazame wengi. Mwaka 1972 mauaji yalipotanda Burundi, watu kwa maelfu walivuka kuja kwetu, na Serikali ya Mwalimu Nyerere ikawapokea, ikawapa misitu ya magharibi waifyeke: Ulyankulu katika Tabora, Katumba na baadaye Mishamo katika pande za Mpanda. Watu wale hawakukaa kula posho. Walikata miti, wakalima mahindi, maharagwe na mihogo, wa Ulyankulu wakalima tumbaku, na baada ya miaka michache wakawa wanajilisha wenyewe na kuwauzia majirani. Ni sifa hiyo ya nchi yetu, pamoja na nyingine, iliyomfanya Mwalimu atunukiwe nishani ya Nansen, ya utumishi kwa wakimbizi, mwaka 1983. Walizaa, wakazika, wajukuu wakaja wakakua wakiijua Burundi kwa masimulizi tu. Mwaka 2007 waliulizwa rasmi: mwataka kurudi au mwataka kubaki? Takriban wanne katika kila watano wakasema watabaki. Wakajaza fomu, wakahojiwa, na mwaka 2010 ikatangazwa duniani kwamba Tanzania imewapa uraia watu zaidi ya 162,000 kwa mkupuo, jambo ambalo nchi chache sana zimepata kulifanya, na pongezi zikaja kutoka kila upande.

Ila vyeti havikuja. Iliamuliwa kwamba raia hao wapya wahame makazi yale, watawanywe katika mikoa 16, ili wachanganyike na wenzao, na kwamba cheti atakipokea mtu baada ya kuhama. Na kuhamisha umati wa kadiri hiyo kulihitaji fedha ambazo hazikupatikana, na mikoa iliyotajwa ilikuwa na maswali yake. Zikapita siku, ikapita miaka. Watu wale walikuwa wamekwisha kuukana uraia wa Burundi, ukimbizi wao ulikuwa umetangazwa kuwa umekoma, na uraia wao mpya ulikuwa ni habari waliyoisikia redioni; walikuwa wametoka upande mmoja na hawajaingia mwingine. Mwenye nyumba ya udongo akasita kuijenga kwa tofali, kwa kuwa ameambiwa atahama; mwenye shamba akasita kupanda kitu cha muda mrefu; na kijana aliyefaulu masomo akatakiwa aonyeshe cheti asichonacho. Hadi Oktoba 2014, ndipo Rais Kikwete alipoanza kuwakabidhi vyeti vyao, na shuruti ya kuhama ikaachwa, wakabaki pale pale walipokuwa wakiishi. Miaka minne ilikuwa imekwenda kungojea jambo ambalo mwishowe halikufanyika.

Nalieleza hili kwa kirefu, si kwa kuwakebehi waliolishughulikia, maana lililotendwa kwa jumla yake ni tendo la ukarimu ambalo vizazi vitalitaja, kama litakavyotajwa la Chogo kule Handeni, ambako Wazigua waliokimbia vita vya Somalia, wajukuu wa watu waliochukuliwa utumwani kutoka pande hizo hizo katika karne ya 19, walirudi kwa babu zao wakakubaliwa kuwa raia. Nalieleza kwa sababu linaonyesha kwamba hata ukarimu mkubwa, ukikosa tarehe, huwatia watu hasara ambayo hakuna daftari linaloiandika. Nani alihesabu matofali yasiyofyatuliwa Katumba kati ya mwaka 2010 na 2014?

Wala msidhani kwamba kungoja huku ni mambo ya wakimbizi na mafundi peke yao. Mwaka 2001 mwandishi mashuhuri Jenerali Ulimwengu, mtu aliyepata kuwa mbunge, alitangaziwa na Serikali kwamba si raia, na mtu aliyekuwa ameitumikia nchi tangu ujanani akajikuta ameingizwa katika safu ya waombaji ambayo hakujua kwamba imo katika njia yake. Na kwa jirani zetu wa Kenya, Wamakonde ambao wazazi wao walitoka Msumbiji kwenda kufanya kazi katika mashamba makubwa ya pwani, walingoja hata wakachoka kungoja wamekaa. Oktoba 2016 wakaondoka Kwale kwa miguu kuelekea Nairobi kwenda kuuliza Ikulu, vizee kwa vijana, na ni baada ya mwendo huo ndipo amri ilipotoka wapewe vitambulisho. Wapemba wa Kilifi na Kwale wao walikaa hadi mwaka 2023. Mimi binafsi sioni fahari yoyote kwa dola kungoja mpaka watu waandamane kwa miguu.

Ni vema kukumbuka kwamba sisi tulipata kuwa na muhula, tena muhula mkali. Oktoba 1961, uhuru ukiwa umebakiza majuma machache, Bunge mjini Dar es Salaam liliujadili muswada wa uraia, na wakatokea waliotaka uraia uwe wa Waafrika peke yao. Mwalimu Nyerere, akiwa Waziri Mkuu, akakataa kata kata kwamba rangi iwe kipimo, hata akasema kwamba Serikali yake itajiuzulu muswada ukishindwa. Sheria ikapita. Aliyezaliwa hapa na mzazi wake mmoja akazaliwa hapa, akawa raia tarehe 9 Desemba bila kuomba. Na wengineo waliostahili kujiandikisha wakapewa miaka 2, basi, hadi Desemba 1963, waamue. Mhindi mwenye duka hapa Uhindini, Mwarabu wa Kondoa Irangi, Mgiriki wa mashamba ya mkonge, kila mmoja alijua siku yake ya mwisho, akakaa na mkewe usiku wakaamua. Wapo waliolalamika kwamba muda ni mfupi. Lakini walikuwa na tarehe ya kulalamikia.

Nawasikia watumishi wa Serikali wanaonisikiliza wakisema kwamba nazungumza kama mtu asiyejua kazi. Tanzania imepakana na nchi 8. Wapo waghushi wa vyeti vya kuzaliwa, wapo wanaoutaka uraia kwa ajili ya pasipoti tu, wapo wenye damu za watu mikononi wanaotafuta jina jipya, na afisa akiharakisha akakosea, kosa lake ni gumu kulifuta. Hayo ni kweli, nami nayasadiki. Karani anayesema "bado linafanyiwa kazi" aghalabu hasemi uongo. Faili kweli liko mahali, na mahali hapo si kwake, naye hana uwezo wa kulisukuma. Nisichokisadiki ni kwamba uangalifu na tarehe haviwezi kukaa nyumba moja. Hakimu huchunguza, na bado hupanga siku ya hukumu. Baraza la Mitihani husahihisha karatasi za watoto wa nchi nzima, na bado matokeo hutoka.

Ninachokitaka si kwamba kila aombaye akubaliwe, la hasha. Jibu la hapana ni jibu, na mtu aliyelipata anaweza kukusanya vyombo vyake, au kuomba upya, au kwenda kulima kwingine. Ninataka risiti anayopewa mwombaji siku ya kwanza iandikwe siku ambayo atajibiwa, na siku hiyo ikifika kabla kazi haijaisha, aandikiwe siku nyingine pamoja na sababu. Mstari mmoja wa wino! Tena nataka atakayenyimwa aambiwe kwa nini, hata kama sheria haimlazimishi Waziri kumwambia, maana sheria haikumkataza pia.

Nasema hivi kwa kuwa Serikali hiyo hiyo inajua sana kuandika tarehe ikitaka. Kile kibali cha ukaazi alicho nacho fundi wangu kina siku kilipotolewa na siku kitakapokwisha, zimepigwa kwa mashine, hazifutiki, na akichelewa kukihuisha yu hatiani. Naye hachelewi, huanza kudunduliza ada miezi kabla. Juma lililopita alinijia na karatasi nyeupe akaniomba nimsaidie kuandika barua ya kuulizia ombi lake, kwa kuwa, alisema, mwandiko wangu una adabu. Alikuwa ameandika mwanzo wa sentensi ya kuomba afikiriwe kwa huruma. Tukaifuta huruma. Tukaweka namba ya faili, tarehe ya risiti, anwani yake ya Majengo, na swali moja tu: lini. Akaitia sahihi, akaipeleka mwenyewe, akagongewa muhuri kwenye nakala.

Jirani zake wa Hombolo wameanza kupogoa mizabibu kwa ajili ya mavuno yajayo. Mkewe ameagiza nguzo za mistari miwili, kwa fedha yake na kwa jina lake, akasema kwamba yeye hakuomba ruhusa ya mtu kuwa Mgogo, na kama bwana wake hana kazi ya kanzu Jumamosi aje akachimbe mashimo.